Mwaka 1974 na Seva Yetu

Julai 1974, jarida la wataalamu wa kompyuta la Marekani, Communications of the ACM, lilichapa makala ya Dennis Ritchie na Ken Thompson kuhusu mfumo endeshi waliokuwa wameutengeneza katika maabara za Bell, kule New Jersey. Mfumo wenyewe uliitwa Unix. Mwaka huohuo serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Matukio hayo mawili hayakujuana wala kusalimiana. Lakini mwaka 2024, tulipokaa watu wanne kuchagua mfumo endeshi wa seva ya tovuti yetu ndogo, nilijikuta nayarudia yote mawili, na kila nikiyatazama naona yana undugu.

Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, mashine aina ya ICT 1500 iliyouzwa na kampuni ya Uingereza. Baadaye ikaja kubwa zaidi, hesabu za serikali zikahamishiwa humo, na mambo yakaenda kombo. Wataalamu walikuwa wageni, vipuri vya kigeni, malipo ya kigeni. Ndipo likaja katazo la 1974. Sisi tuliozaliwa miaka ya themanini na tisini tumezoea kuicheka marufuku ile, tukiisimulia pamoja na ile ya televisheni kama kichekesho cha enzi za wazee. Mimi siku hizi sicheki sana. Ukiondoa ukali wake, yanabaki maswali matatu ya maana kabisa: nani atalipa, na kwa fedha gani? Ikiharibika usiku nani ataitengeneza? Na siku muuzaji akibadili mawazo, tutabaki tunamwangalia nani? Jibu la serikali la kufunga mlango lilikuwa baya, maana lilituchelewesha miaka mingi. Ila maswali yalikuwa mazuri, na ndiyo hayohayo anayotakiwa kujiuliza mtu yeyote anayechagua mfumo wa seva leo.

Kwa msomaji wa riwaya ambaye neno mfumo endeshi linamletea usingizi, fikiria nyumba ya kupanga hapa kwetu Tangini. Vyumba kumi, bomba moja, mita moja ya LUKU, choo kimoja cha nje. Wapangaji ni programu. Kiini cha mfumo, ambacho mafundi wanakiita kerneli, ni yule msimamizi wa nyumba: ndiye anayegawa vyumba, anayepanga zamu ya maji, anayeamua ugomvi. Kompyuta yako ya mezani ni nyumba yenye wapangaji wachache wanaofahamiana. Seva yenye wasomaji wengi ni nyumba hiyohiyo, lakini siku ya msiba: watu elfu wameingia uani kwa dakika tano na kila mmoja anataka maji.

Msimamizi akizidiwa hufanya jambo la kikatili. Kerneli ya Linux ikiona kumbukumbu imekwisha kabisa, huchagua programu moja na kuiua ili nyingine zipumue. Kwa kawaida huchagua ile nene kuliko zote. Kwenye tovuti kama yetu, ile nene ni hifadhidata, yaani ghala lenyewe la makala. Ni sawa na msimamizi kumfukuza mpangaji mwenye mizigo mingi, kumbe mizigo ile ndiyo vyombo vya shughuli.

Tulilishuhudia hilo tarehe 7 Oktoba 2021. Saa nane mchana kwa saa zetu, Stockholm walitangaza kwamba Nobel ya Fasihi imekwenda kwa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar. Tanzania nzima ikaanza kuuliza kwa mpigo: ni nani huyu? Kwa kweli wengi hatukuwa tumemsoma, na vitabu vyake madukani vilikuwa vya kuhesabu. Sisi tulikuwa na makala moja ya zamani juu yake, ambayo kwa miaka ilikuwa inasomwa na watu wawili watatu kwa wiki. Mchana ule kila aliyetafuta jina lake kwa Kiswahili aliangukia kwetu. Ukurasa ulianza kufunguka polepole, kisha ukaacha kufunguka. Ilipofika jioni tovuti ilikuwa haipo. Siku ambayo fasihi ya pwani hii ilitafutwa kuliko siku yoyote ninayoikumbuka, sisi tulikuwa tumefunga duka.

Kampuni tuliyokuwa tunakodi kwake seva ilitujibu kesho yake: ongezeni hela, chukueni mashine kubwa. Tukaongeza, kwa dola, huku michango yetu ni ya shilingi. Haikusaidia sana, na kwa nini haikusaidia ndiyo sehemu ya historia hii ninayoipenda.

Mama lishe pale Maili Moja anajua jambo ambalo watengenezaji wa seva walilitambua kwa kuchelewa. Mtindo wa zamani wa programu ya kuhudumia kurasa ulikuwa hivi: kila mgeni anapewa mhudumu wake. Mhudumu huyo anasimama pembeni ya meza mpaka ugali uive, ule uliwe, mgeni anawe mikono. Wageni kumi, wahudumu kumi. Wageni elfu kumi? Hamna mahali pa kusimama, na mshahara wa kusimama tu umemaliza mtaji. Mwaka 1999 mhandisi mmoja Mmarekani, Dan Kegel, aliandika maelezo marefu juu ya tatizo hili akaliita C10K, yaani wateja elfu kumi kwa wakati mmoja kwenye mashine moja. Hoja yake ilikuwa kwamba vyuma vilishafika uwezo huo, kilichobaki nyuma ni programu na mifumo endeshi.

Dawa yake ni mhudumu mmoja mwenye masikio. Anachukua oda za meza zote, halafu anangoja jikoni wapige kengele: meza ya saba tayari, meza ya arobaini tayari. Lakini ili awe na masikio lazima msimamizi wa nyumba, yaani kerneli, awe na kengele. FreeBSD waliiweka yao mwaka 2000, wakaiita kqueue. Linux wakaja na ya kwao, epoll, iliyowafikia watu wa kawaida kwenye toleo la 2.6 mwishoni mwa 2003. Mwaka 2004 Mrusi Igor Sysoev, aliyekuwa akifanya kazi kwenye tovuti kubwa ya Rambler, akaitoa hadharani programu yake ya nginx, iliyojengwa juu ya kengele hizo. Ndiyo maana kununua mashine kubwa hakukutusaidia. Sisi mwaka 2021 tulikuwa bado tunaajiri mhudumu kwa kila mgeni, mashine ikiongezeka tunaongeza wahudumu wa kusimama.

Turudi nyuma kidogo. Unix ilianza 1969 na kwa muda mrefu mali yake ilikuwa ya kampuni ya simu ya AT&T, ambayo kwa masharti ya serikali ya Marekani haikuruhusiwa kufanya biashara ya kompyuta. Kwa hiyo vyuo vikuu viliupata mfumo kwa bei nafuu pamoja na msimbo wake, wakausoma, wakaurekebisha. Chuo cha Berkeley, California, wakatengeneza tawi lao, BSD. Baadaye AT&T ikaruhusiwa kufanya biashara, na hapo udugu ukaisha. Mwaka 1992 kampuni yake tanzu ilishtaki kwamba BSD ina mali ya wizi. Kesi ilimalizwa kwa makubaliano mwaka 1994. BSD ilitoka salama, lakini miaka miwili ya kuogopa mahakama ni mingi mno kwenye ulimwengu wa kompyuta.

Pengo hilo lilijazwa na mwanafunzi wa Helsinki. Agosti 25, 1991, Linus Torvalds, kijana wa miaka 21, alitangaza kwamba anaandika mfumo endeshi, ni mchezo tu, si jambo kubwa. Mwaka uliofuata akauweka chini ya leseni ya GPL ya Richard Stallman, inayosema chukua, badili, gawa, ila na wewe usiwafungie wengine.

Mtu wa Kibaha akisikia Helsinki lazima asimame kidogo. Shirika la Elimu Kibaha, shule na kituo cha afya kilichokuja kuwa Hospitali ya Tumbi, vyote vilianza mwaka 1963 kama mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki, Finland ikiwemo. Mwaka 1970 mradi ukakabidhiwa kwa Watanzania. Nimekulia kwenye mji ambao watu wazima walizungumza juu ya Waskandinavia kama majirani waliohama. Sisemi Linux ni msaada wa Wafini kwa Kibaha, hapana. Nasema tu kwamba wazo la kumpa mtu kitu pamoja na funguo zake, ukaondoka, halikuwa geni huku kwetu.

Na Waskandinavia walirudi tena. Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden, kupitia mradi ulioitwa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kabla yake walikaa kutafuta maneno. Wapenzi wa lugha mnaosoma hapa mngepaswa kuikumbuka kazi ile kama mnavyozikumbuka kamusi, maana ni mara chache watu wamekaa kwa utaratibu kuamua kila kitufe kiitwe nini kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi, bila kumwomba mtu ruhusa. Baadaye kidogo Microsoft nao wakatoa Kiswahili chao, na kilisambaa zaidi, maana mashine nyingi zilikuwa zao.

Kwenye seva lakini, Afrika Mashariki ilikuwa na mwalimu mwingine. Kuanzia mwaka 2000, wahandisi wa mitandao wa Afrika walikuwa wakikutana kila mwaka kwenye mafunzo ya AfNOG. Cape Town ilikuwa ya kwanza, Kampala ilikuwa zamu yake 2003, Nairobi 2006, Dar es Salaam 2011. Kwa miaka mingi mfumo uliofundishiwa pale ulikuwa FreeBSD, mtoto wa Berkeley. Kwa hiyo ukikutana na fundi mwenye mvi kidogo kwenye kampuni ya intaneti hapa nchini, usishangae akikuambia FreeBSD ndiyo mfumo wa kweli na mengine ni kelele. Enzi zao laini ilikuwa ya satelaiti, ghali na nyembamba. Kebo ya SEACOM ilikuja kutua Dar Julai 2009. Walihitaji mfumo mtulivu ambao hauombi kupakua vitu kila siku.

Vijana waliokuja nyuma yao walilelewa na posta. Ubuntu ilipotoka Oktoba 2004 ikifadhiliwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, kampuni yake ilikuwa inatuma sidii bure popote duniani, mpaka ilipoacha mwaka 2011. Unaandika anwani, unasahau, halafu siku moja kwenye sanduku la posta la shule unakuta bahasha. Fundi wetu, kijana wa hapa Tangini, alianzia hapo. Anasema sidii ile ilikuwa kitu cha kwanza kutumwa kwa jina lake kutoka Ulaya, na aliitunza jalada lake hadi leo.

Nayaeleza haya kwa sababu watu hudhani mfumo huchaguliwa kwa vipimo. Vipimo vipo, na vina historia yake ya aibu. Aprili 1999 kampuni iitwayo Mindcraft ilitangaza kwamba Windows NT imeiacha Linux mbali kwenye kuhudumia kurasa. Ikaja kujulikana jaribio liligharamiwa na Microsoft. Watu wa Linux wakapiga kelele, jaribio likarudiwa, na Windows ikashinda tena, kwenye mashine ile kubwa ya prosesa nne. Walichofanya wakubwa wa Linux baada ya hasira kupoa ndicho kinachonivutia: walitazama pale walipopigwa wakaanza kuparekebisha. Upande wa pili, Microsoft walipoinunua Hotmail mwishoni mwa 1997 waliikuta inaendeshwa na FreeBSD, na iliwachukua miaka kuihamishia kwenye mfumo wao wenyewe. Kila upande una hadithi ya kumuumbua mwenzake.

Hadithi ninayoipenda zaidi ni ya WhatsApp. Mapema 2012 walitangaza kwamba seva yao moja, ikitumia FreeBSD na lugha ya Erlang, ilikuwa imebeba mawasiliano zaidi ya milioni mbili kwa wakati mmoja. Kampuni ilikuwa na wahandisi wachache tu. Walichagua FreeBSD kwa sababu wenyewe walitoka Yahoo, na Yahoo ilikuwa nyumba ya FreeBSD. Hakukuwa na shindano wala jedwali la alama. Walichukua mfumo walioujua mpaka uvunguni.

Basi Mei 2024 tukakaa. Sababu ilikuwa tarehe: seva yetu ilitumia CentOS 7, ambayo mwisho wake wa kuhudumiwa ulikuwa Juni 30, 2024. Baada ya hapo, mlango ukivunjika hakuna wa kuleta kitasa. CentOS ilikuwa ni Red Hat ile ya kulipia, bila kulipia, na nusu ya seva za tunaowafahamu zilikaa juu yake. Desemba 2020 Red Hat ilitangaza kwamba CentOS 8, iliyotarajiwa kuishi hadi 2029, ingekufa mwisho wa 2021. Hivihivi tu. Watu waliokuwa wamehama juzi wakaambiwa wafungashe tena. Hilo ndilo swali la tatu la 1974.

Mmoja wetu alitaka Windows Server, kwa hoja ya kueleweka: ofisini kwake ndiyo wanayotumia na angeweza kusaidia. Leseni yake ikatushinda, maana inahesabiwa kwa viini vya prosesa na inalipwa kwa fedha ambayo hatuna. Mimi, kwa mapenzi ya hadithi nilizowasimulia, nilitaka FreeBSD. Fundi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

“Kaka, nakubali ni nzuri. Sasa mimi nikiwa kijijini hakuna mtandao na imeanguka saa sita usiku, utampigia nani?”

Nikahesabu kichwani mafundi tunaoweza kuwapigia kati ya Kibaha na Mbezi. Wa Linux niliwapata sita bila kufikiri. Wa FreeBSD mmoja, naye ana umri wa kulala mapema.

Ikabaki Ubuntu na Debian, ambazo ni mama na mtoto, maana Ubuntu imejengwa juu ya Debian. Debian ilianzishwa 1993 na Ian Murdock, jina likiunganisha la mpenzi wake Debra na la kwake. Haina kampuni inayoimiliki. Inaendeshwa na watu wa kujitolea waliojiwekea katiba na wanaopiga kura. Kwa kasi, kwenye mzigo kama wetu, hatukuona tofauti ya kugombania. Ukishakuwa na kerneli ya miaka hii na nginx mbele yake, na kurasa zilizokwisha kupikwa zikawekwa tayari badala ya kupikwa upya kwa kila mgeni, wageni elfu wa ghafla si msiba tena. Tofauti iliyotugusa ilikuwa ya umiliki. Tumeshachomwa mara moja na kampuni iliyobadili mawazo. Tukachagua Debian 12. Matoleo yao hupewa majina ya wahusika wa filamu ya Toy Story, na hili la 12 limepewa jina la mdudu mla vitabu, jambo ambalo kwa tovuti ya fasihi sikuona sababu ya kulipinga.

Wakati bado tunabishana, tarehe 12 Mei, kebo za EASSy na SEACOM zilikatika baharini na nchi nzima ikakaa karibu gizani kimtandao. Seva yetu, iliyoko Ulaya, ilikuwa hai na inapumua. Sisi wenyewe ndio tuliokuwa hatuifikii. Fundi akasema nakala ya akiba lazima iwe na nyingine hapa nchini. Hakuna aliyebisha.

Tulihama usiku wa Jumamosi, Juni 22. Kuhamisha mfumo kulichukua muda mfupi kuliko kupika chai. Kilichotukesha ni maneno. Hifadhidata ya zamani ilikuwa inahifadhi herufi kwa utaratibu wa kizamani, na tulipoifungua kwenye seva mpya kila alama ya ritifaa ilikuwa imegeuka vidudu. Ng'ombe akawa “ngâ€™ombe”. Ng'ambo, ng'aa, king'ora, vyote vimeota magugu katikati, kwenye makala zaidi ya miaka kumi, nyingine za waandishi ambao wameshatangulia mbele za haki na hawana nakala kwingine. Lugha yenye sauti hiyo moja ngumu kuandika, na mashine ikachagua kuharibu hiyohiyo.

Utaratibu mpya wa herufi, UTF-8, ndio uliotutoa. Huo ulibuniwa Septemba 1992 mezani kwenye mgahawa mmoja wa New Jersey, na Rob Pike akiwa na Ken Thompson, yuleyule wa makala ya 1974. Fundi aliandika mistari michache ya kugeuza herufi, akaijaribu kwanza kwenye makala moja, ile ya Gurnah, kisha kwenye kumi, kisha kwenye zote. Mimi kazi yangu ilikuwa kufungua kurasa moja moja na kutafuta ng'ombe. Adhana ya alfajiri ilinikuta nimebakiza makala nne.